Mlinzi mmemnyang'anya rungu, halafu mnalala

Jamani, kuna sentensi moja nimeichoka. Kila kampuni inayotunza taarifa zetu ikiulizwa kuhusu usalama, msemaji wake anarekebisha tai na kusema: "Tumefunga mifumo ya kisasa inayokagua usalama muda wote." Sisi waandishi wa habari tunaandika, tunashukuru kwa soda, tunaondoka. Hakuna anayeuliza swali la pili, ambalo ndilo lenye maana: hiyo mifumo ikigundua kasoro, nini kinasimama?

Nieleze kidogo kwa wasomaji wangu ambao si watu wa kompyuta (waandika programu mtanivumilia aya moja). Siku hizi programu haiandikwi ikaisha, ikafungwa kwenye boksi na kuuzwa. Inabadilishwa kila siku, pengine mara kumi kwa siku. Kila badiliko likiingia kwenye ghala la msimbo, mtambo unalichukua wenyewe, unaijenga programu upya, unaipima, na ikifaulu unaipeleka kwenye seva ambako wewe na mimi tunaitumia. Mkondo huo wenyewe wanauita paipulaini. Katikati yake unaweza kuweka skana. Kuna inayosoma msimbo mliouandika, kuna inayohesabu maktaba za watu mlizoazima na kuzilinganisha na orodha ya kasoro zinazojulikana duniani, na kuna inayotafuta nywila na funguo zilizosahaulika ndani ya faili. Nyingi zinapatikana bure. Kuzifunga si kazi ya mwezi, ni ya mchana mmoja.

Basi mbona nalalamika? Kwa sababu ya mstari mmoja: allow_failure: true. Mstari huu umo ndani ya kiolezo cha ukaguzi wa msimbo ambacho GitLab wanakitoa tayari. Kwa wanaotumia GitHub, ndugu yake anaitwa continue-on-error: true. Maana yake ni hii: skana ikianguka, endelea tu. Ikikuta kasoro, andika kwenye ripoti, kisha peleka programu kwa wateja kama kawaida. Ni sawa na kumwajiri mlinzi wa usiku, ukamnyang'anya rungu na filimbi, ukamwachia daftari aandike majina ya wezi wakipita.

Najua kwa nini mstari ule uliwekwa. Ukifunga skana leo kwenye msimbo wa miaka mitano, itatema maonyo mengi mno, na ukiamua kila onyo lisimamishe kazi, kesho hakuna atakayefanya kazi. Kwa wiki ya kwanza nakubali. Ninachokataa ni wiki ya kwanza inayofikisha miaka mitatu, huku cheti cha "tunakagua" kikining'inia ukutani kwa ajili ya wakaguzi na wawekezaji.

Mnataka mfano? Twendeni Marekani. Equifax ni kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, wengi wao hawakuwahi kuiomba iwatunzie chochote. Tarehe 7 Machi 2017 wenye maktaba ya Apache Struts walitangaza kasoro kubwa na kutoa kiraka siku hiyo hiyo. Tarehe 9 Equifax walituma barua pepe kwa watu wao zaidi ya 400: wekeni kiraka ndani ya saa 48. Tarehe 15 wakaendesha skana. Skana ikasema hakuna kitu, shwari.

Shwari ipi? Uchunguzi wa Baraza la Seneti ulikuja kuonyesha kwamba skana ilielekezwa kwenye folda ya juu tu, wakati Struts ilikuwa kwenye folda ya ndani yake. Mlinzi alitazama getini, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Wadukuzi waliingia tarehe 13 Mei na kukaa siku 76. Ndani walikuta faili lenye majina na nywila bila kufichwa, likawafungulia hifadhidata 48 ambazo hazikuhusiana hata na mlango walioingilia. Kifaa ambacho kingewaona wakitoa mzigo kilikuwa kipofu kwa miezi 19 kwa sababu cheti chake kilikwisha muda na hakuna aliyekihuisha. Siku cheti kilipobadilishwa, tarehe 29 Julai, ndiyo siku walipoonekana. Watu kama milioni 147.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniudhi kuliko zote. Oktoba 2017 aliyekuwa mkurugenzi mkuu, Richard Smith, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani na kueleza kwamba mambo mawili yalishindwa: mtu mmoja ambaye hakufikisha agizo, na skana. Siku moja kabla, ofisa mmoja wa ngazi ya juu alikuwa amefukuzwa kazi kwa kosa la kutosambaza ile barua pepe. Barua iliyokwenda kwa watu zaidi ya 400! Kampuni ya namna ile, yenye taarifa za taifa zima, ulinzi wake ulining'inia kwenye kitufe cha kusambaza barua pepe, na mambo yalipoharibika akatafutwa wa kubeba msalaba. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 kumaliza mashauri.

Hapo ndipo ninapotaka tofauti ieleweke. Barua pepe inaomba. Paipulaini inayokataa kujenga programu yenye maktaba mbovu haimwombi mtu, wala haimhitaji mtu mmoja akumbuke. Mkiwa mmeipa mamlaka ya kukataa, lakini.

Na isisubiri mtu aguse msimbo. Hili nalo wengi wanalikosea. Desemba 2021 kasoro ya Log4j ilipotangazwa, ilikuwa imelala ndani ya maktaba hiyo tangu 2013. Programu ambayo haikuguswa hata herufi moja ilikuwa safi Jumatano, kufika Ijumaa ni janga. Skana inayoamka pale tu mtu anapoingiza badiliko ingeendelea kukoroma juu ya programu hiyo, kwa sababu hakuna aliyeibadilisha. Kwa hiyo ipangiwe pia kuamka yenyewe kila usiku. Ni mistari miwili mitatu ya ratiba, hata umeme hauongezeki.

Nawasikia mkisema "inatuchelewesha." Haya. Zimeni zile nzito mchana, ziendesheni usiku. Wakati wa kuingiza badiliko, kagueni kilichobadilika tu. Madeni ya zamani yaandikeni kwenye orodha, kila deni na mwenye nalo na tarehe ya kulilipa, kisha wekeni sheria moja: kasoro kubwa mpya haipiti. Nasema mpya. Hapo huhitaji kusimamisha kampuni nzima ili uanze. Na kelele za maonyo ya uongo? Zipo, sikatai, skana zinazosoma msimbo ni hodari wa kupiga mbiu ya mgambo kwa ajili ya panya. Zima kanuni inayokusumbua, lakini andika nani kaizima na kwa nini. Kuzima yote kwa sababu moja inapiga kelele ni uvivu.

Ile inayotafuta funguo na nywila, hiyo ifunge hata leo jioni, na iwe na rungu tangu dakika ya kwanza. Mwaka 2016 wadukuzi wawili waliingia kwenye ghala la faragha la wahandisi wa Uber huko GitHub, wakakuta funguo za hifadhi yao, wakachota taarifa za abiria na madereva milioni 57. Uber wakawalipa dola 100,000 na kukaa kimya mwaka mzima, mpaka Novemba 2017. Kimya hicho kiliwagharimu dola milioni 148 mwaka 2018. Na tafadhali, usinijibu kwamba ulishaufuta ule ufunguo kwenye faili. Git haisahau, historia yote imo. Ufunguo uliovuja unabadilishwa, haufutwi.

Kuna wajanja watasema skana zenyewe ni hatari. Kweli kabisa, na ni hoja nzuri kuliko ile ya kuchelewa. Mwaka 2021 zana ya Codecov, iliyokuwa ikitumika ndani ya paipulaini za watu, ilichezewa tangu Januari 31 mpaka Aprili 1, ikawa inachota siri za wateja. Iligundulika kwa sababu mteja mmoja alilinganisha alama ya faili na ile iliyotangazwa, akaona hazifanani. Machi 2025 ikawa zamu ya tj-actions/changed-files, iliyokuwa ikitumika kwenye maghala zaidi ya 23,000. Washambuliaji walizihamisha lebo za matoleo zikaelekea kwenye msimbo wao, siri zikaanza kumwagika kwenye kumbukumbu za mitambo. Waliokuwa wamefunga zana hiyo kwa ile alama ndefu ya herufi na tarakimu 40, badala ya lebo, lebo kuhama hakukuwagusa. Basi fanyeni hivyo. Na skana ipewe ruhusa ya kusoma tu. Ina kazi gani na funguo za seva ya wateja? Mlinzi anayepewa rungu hapewi na funguo za kabati la dhahabu.

Sisi tunaoandika habari nasi tuache uvivu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wanayo ya kwao tangu 2019. Msemaji akitaja "mifumo ya kisasa", muulizeni mara ya mwisho skana yao ilizuia toleo lisitoke ilikuwa lini. Kama haijawahi kuzuia chochote, ama wana waandika programu wasio na dhambi, ama mnajua wenyewe.

Na wewe unayefanya kazi humo ndani, huhitaji kumsubiri mwandishi. Fungua faili la paipulaini yenu, tafuta allow_failure, tafuta continue-on-error. Ukikuta, Git itakuonyesha nani aliuweka mstari huo na tarehe gani. Mwulize ile wiki ya kwanza inaisha lini.