Bidhaa iliyouzwa hairudishwi? Mstari huo haufuti haki ya mnunuzi

Chini ya faktire nyingi za maduka ya Goma kuna mstari mmoja wa Kifaransa unaosema kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Anayenunua sukari au sabuni hana haja ya kuusoma. Lakini kwa mkaaji wa Mabanga aliyelipa fotei, kabati au kitanda katika duka kubwa la vyombo vya nyumba, mstari huo umekuwa ukuta. Fotei inafika na mguu uliopasuka, kabati inakosa mlango, rangi si ile aliyochagua. Akirudi dukani, anaonyeshwa faktire yake kwa kidole.

Kabla ya kulipa, mteja anapewa kiti, anaitwa papa au mama, na patron mwenyewe anakuja kumsalimia. Akishalipa, patron amesafiri, gari liko barabarani, na yeye arudi kesho. Kwa majibu kama hayo, mimi mwenyewe nilizungushwa wiki tatu na duka moja la mjini kwa ajili ya kabati niliyokuwa nimelipa yote. Wasomaji wengi watatambua hadithi hii bila kuambiwa ni duka gani.

Wengine watasema kwamba mji wetu una matatizo makubwa kuliko fotei. Ni kweli. Lakini tujiulize pesa ya fotei inatoka wapi. Kwa jamaa nyingi za Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, ni pesa ya likelemba, ya AVEC, au ya mchango wa ndoa, iliyokusanywa dola kwa dola. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, AFC/M23 ilipouteka mji, mabenki yalifunga milango na pesa taslimu ikawa ngumu kupatikana. Mtu anayetoa dola mia tatu leo ametoa akiba yake. Duka likikaa na avanse yake miezi miwili bila kuleta kitu, limejikopesha pesa yake bila ruhusa.

Sheria inasema nini? Kitabu cha mapatano cha sheria zetu za kiraia, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinampa muuzaji kazi mbili kubwa: kumkabidhi mnunuzi kitu alichouza, na kukidhamini. Kasoro iliyojificha, inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake, ni mzigo wa muuzaji. Ni kweli kwamba muuzaji anaweza kuandika kuwa hatoi garanti kwa kasoro ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Lakini aliyeijua akanyamaza hawezi kujificha nyuma ya maandishi hayo. Na kuleta kabati tofauti na ile iliyokubaliwa, au kutoleta kabisa, si habari ya kasoro hata kidogo: ni kuvunja mapatano. Hapo mstari wa chini ya faktire hauna la kusema.

Wauzaji nao wana maneno yao, na tuyasikilize. Mizigo inatoka China au Dubai, inapita bandarini, inapanda malori, inalipiwa ushuru kwenye mipaka mbalimbali. Vitu vinavunjika njiani. Lakini hatari ya safari ni sehemu ya biashara, na bei tunayolipa imekwisha kuibeba. Mteja hawezi kulipa safari mara mbili, mara ya kwanza kwa bei na mara ya pili kwa kitu kilichovunjika.

Tutazame seremala wa avenyu. Naye anachelewa, na wakati mwingine mbao yake haijakauka vizuri. Lakini mteja anajua pa kumpata asubuhi. Atakuja na nyundo yake, hata kama ananung'unika, kwa sababu majirani wanamjua na kazi ya kesho inategemea jina lake. Duka kubwa lenye vioo na jenereta linashindwaje kufanya hivyo?

Kwenda mahakamani kwa ajili ya kiti kimoja ni gharama kubwa, na tangu mji ulipobadilika mikono kazi ya mahakama imevurugika. Ndiyo maana malalamiko yanapaswa kumalizika dukani penyewe. Tunaomba mambo matatu yasiyo magumu. Kila duka limtaje mtu mmoja anayepokea malalamiko, mwenye uwezo wa kuamua, siyo mlinzi wa mlangoni. Tarehe ya kuleta kitu iandikwe kwenye faktire, na ikipita, mteja achague kungoja au kurudishiwa avanse yake. Na kitu kilichofika kimevunjika kibadilishwe au kitengenezwe kwa gharama ya duka.

Nasi wanunuzi tuamke. Usitoe avanse bila karatasi yenye jina la kitu, rangi, kipimo na tarehe. Kitu kikifika kwa gari au kwa chukudu, kifungue na ukipige picha kabla ya kutia saini, kwa maana kasoro inayoonekana wazi ni vigumu kuilalamikia ukishakubali. Ukigundua kasoro ya ndani, rudi mara moja. Sheria haimngoji anayekaa kimya muda mrefu. Na usiende peke yako: nenda na shahidi, na ikibidi, na shefu wa avenyu.

Wafanyabiashara waliobaki Goma katika kipindi hiki kigumu wanastahili heshima. Wateja waliobaki nao, na ambao bado wanaingia madukani mwao na dola zao chache mkononi, wanastahili heshima ileile hata siku ya kurudi kulalamika.