Usimtafute Mchawi Kwenye Sahani

Mama yangu mdogo alivimba midomo kwenye harusi ya mwanawe, Tukuyu, sahani ikiwa bado nusu. Tulikuwa tumekaa mkekani, mbele yetu wali wa Kyela, nyama, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga. Kwanza alijikuna shingo. Kisha yakamtoka mabaka yaliyoinuka mikononi na kifuani, midomo ikajaa, sauti ikaanza kukwaruza. Mzee mmoja akatamka neno moja tu: "Amelishwa."

Neno hilo lilifunga mjadala. Vijana wakakimbilia maziwa ya kukata sumu. Wanawake wakaulizana nani aliyepakua. Aliyepakua alikuwa wifi yake, shangazi wa bwana harusi, ambaye waliwahi kukwaruzana naye kwa ajili ya mpaka wa migomba. Kufikia jioni uvimbe ulikuwa umeshuka na mama mdogo anakunywa chai. Wifi ndiye ambaye hajapona hadi leo. Ni miaka 11 sasa hakuna mwanamke wa ukoo anayepokea chakula mkononi mwake. Kwenye misiba anapewa kuni za kuchanja na ndoo ya kutekea maji. Sufuria haisogelei, upawa haushiki.

Mwaka wa nne baada ya harusi ile, mama mdogo alipanda basi kuja kwetu Iringa. Basi liliposimama Ipogolo akanunua kashata za karanga dirishani. Kabla hajafika nyumbani midomo ilikuwa imejaa tena, na mabaka ni yale yale. Wifi alikuwa Tukuyu, karibu kilomita 400 nyuma yake. Nilidhani ukweli umejieleza wenyewe. Ndugu wakasema uchawi unasafiri.

Nimenyamaza vya kutosha. Imani kwamba anayevimba, kutapika au kubanwa kifua baada ya kula amelishwa kitu na mtu ni imani ya uongo. Haina uungwana wa mila, na wala haina hekima ya wazee. Inawaua wagonjwa kwa kuwachelewesha na inawazika hai watu wasio na hatia. Kuanzia Mbeya mpaka Iringa tunaibeba kama urithi, na wakati umefika tuitue.

Urithi huu una chimbuko. Wazee wetu walikuwa na mwavi. Wanyakyusa waliuita umwafi. Mtuhumiwa alinyweshwa dawa ya sumu. Akitapika, hana hatia. Ikikaa tumboni, ni mchawi. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, aliandika pia kuhusu imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba kinachomsukuma kudhuru watu ni uroho wa nyama na maziwa. Shtaka lilianzia kwenye chakula, hukumu ikatolewa na tumbo. Ukoloni ulipiga marufuku mwavi, kikombe kikaondoka, lakini namna ile ya kufikiri ikabaki mezani petu. Tena imezidi ubaya. Zamani aliyekunywa ndiye aliyehukumiwa. Siku hizi anakula mmoja, anahukumiwa mwingine.

Wanaoamini haya wana mashahidi wanne, na kila kikao cha ukoo kinawasikia hao hao. Nitawahoji mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza husema: "Tulikula sahani moja sote, kavimba yeye peke yake. Si amelengwa?" Huyu ndiye anayeaminiwa kuliko wote, naye ndiye anayejishtaki. Sumu haichagui. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliwaangusha watu 68 katika mikoa ya kati ya nchi yetu, Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Sumu hufanya hivyo: inapita kwenye chungu na kuwazoa wengi waliokula. Wengi wakila na akaumia mmoja, tatizo halimo chunguni, limo katika kupatana kwa chakula kile na mwili wa mtu yule. Wazee wengine walilijua hili walipokuwa wakisema samaki hapatani na damu yangu. Madaktari wanaliita mzio. Mitaani tunasema aleji. Kinga ya mwili, iliyoumbwa kupigana na vimelea, inaiona protini ya karanga au ya yai kama adui. Seli zinamwaga histamini, mishipa midogo inavuja, ngozi inainuka, koo linabana. Kuumia peke yako kati ya watu 20 ni alama ya mzio.

Shahidi wa pili: "Karanga amekula tangu utoto. Iweje leo?" Mwaka 1902 Charles Richet na Paul Portier, Wafaransa wawili, waliwachoma mbwa dozi ndogo ya sumu ya kiumbe wa baharini. Mbwa walistahimili. Wiki kadhaa baadaye waliwarudishia dozi ndogo vilevile, na mbwa aliyekuwa mzima kabisa akafa ndani ya nusu saa. Ugunduzi huo ulimpatia Richet Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Uligeuza juu chini kila tulichodhani: mwili haukosani na mgeni, unakosana na aliyewahi kubisha hodi. Mzio wa karanga mara nyingi huanza utotoni, lakini unaweza kuanza ukubwani pia. Kuna pia mambo yanayouchochea: pombe, mbio na kazi nzito, mafua, baadhi ya vidonge vya maumivu. Karanga alizozimudu Jumanne nyumbani zinaweza kumshinda Jumamosi ya harusi baada ya ngoma na vikombe vya komoni au ulanzi.

Shahidi wa tatu: "Hospitali walipima, hawakuona kitu." Walipima nini? Mara nyingi malaria, taifodi na mkojo. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachotafuta mzio. Na mgonjwa anapofika zahanati baada ya saa nne, mabaka yameshalala. Mzio hutambuliwa kwanza kwa masimulizi: ulikula nini, saa ngapi, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, imewahi kutokea. Kipimo cha ngozi au cha damu huja baadaye kuthibitisha masimulizi hayo. Sisi tunafika tukiwa na jina la mtu mfukoni, na jina la chakula tumeliacha nyumbani. Daktari ataona nini?

Shahidi wa nne: "Mganga alimpa dawa, akapona." Mabaka ya mzio huja na kuondoka ndani ya saa chache, pawe na mganga au pasiwe. Mganga anapokea ng'ombe kwa kazi ambayo saa ingeifanya bure. Na kwa kuwa jina la chakula halikutajwa, mgonjwa anarudi kukila, anavimba tena, na adui anazaliwa wa pili.

Hao ndio mashahidi wote wanne. Ningekuwa hakimu ningewafukuza mahakamani.

Sasa tuisome lugha ya mwili kama inavyostahili. Mzio wa chakula kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili. Huwasha midomo, ulimi na koo. Huinua mabaka ambayo, kwenye ngozi yetu nyeusi, hayaonekani mekundu kama yale ya kwenye vitabu vya Ulaya. Yapapase kwa kidole utayahisi. Huvimbisha midomo na kope, huleta kutapika na tumbo kusokota. Dalili za hatari ni hizi: sauti kubadilika, kifua kupiga filimbi, kushindwa kumeza mate, kizunguzungu, mtoto kulegea ghafla. Vyakula vinavyoongoza ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba, ngano, soya na ufuta. Na kwa watu wa Rungwe niongeze moja: anayewashwa na glovu au puto za mpira anaweza pia kuwashwa na ndizi na parachichi, kwa sababu protini za mpira na za matunda hayo zinafanana.

Dalili za hatari zikitokea, Piriton haitoshi. Inatuliza kuwasha, haifungui koo. Dawa ni sindano ya adrenalini inayochomwa na mhudumu kwenye msuli wa paja, na imo katika orodha ya dawa muhimu za taifa letu. Mlaze mgonjwa na kumwinua miguu. Kama anahema kwa shida, mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza. Tafadhali, maziwa yale ya kukata sumu yaacheni kwenye kibuyu. Koo lililovimba likimiminiwa maziwa, yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huenda maziwa yenyewe ndiyo chanzo. Nendeni hospitali, na mumwambie mhudumu neno la kwanza kabisa: "Alikula kitu fulani, dakika kadhaa zilizopita."

Lipo tatizo la pili, pole lakini la watu wengi zaidi, nalo limefungiwa humo humo kwenye gunia la kulishwa. Ni pale kinga ya mwili haihusiki, ila tumbo linashindwa kazi. Maziwa ndiyo mfano wetu mkuu, sisi watu wa nchi ya ng'ombe. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya ili ivunjwe. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani kimepungua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua kwamba baadhi yao, hasa wa jamii za wafugaji, wana badiliko la kijeni linalokihifadhi kimeng'enya hicho ukubwani, tofauti na lile la Wazungu. Badiliko hilo la wafugaji lilizuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja wanakunywa maziwa ya ng'ombe mmoja, huyu analala usingizi, yule anakesha tumbo likinguruma.

Kinachotofautisha tatizo hili na mzio ni mwendo wake. Huja taratibu, nusu saa mpaka saa kadhaa baada ya kunywa, kwa gesi, kujaa tumbo na kuharisha. Hutegemea kipimo: kikombe kimoja kinapita, vitatu havipiti. Halivimbishi midomo wala haliui. Na dawa yake ilikuwa kwa bibi zetu, waliogandisha maziwa kwenye kibuyu. Bakteria wa mtindi huila sehemu ya ile sukari kabla yetu, ndiyo maana wengi wanaoshindwa maziwa mabichi au ya moto huumudu mtindi. Hiyo ndiyo mila ninayoitetea. Ukiona damu kwenye choo, kupungua uzito au homa isiyoisha, hapo usilaumu maziwa, muone daktari.

Najua jibu la upande wa pili, la wale waliosoma: watu wataanza kuogopa kila kijiko. Nao nawakatalia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, mkoa unaolisha wengine, takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Kumnyima mtoto wa Iringa yai au maziwa kwa kuhisi tu ni kumwongezea njaa. Tena London, mwaka 2015, timu ya Gideon Lack ilitoa matokeo ya kuwafuata watoto 640 waliokuwa katika hatari ya mzio. Kati ya walionyimwa karanga, asilimia 17.2 walipata mzio wake walipofika miaka mitano. Kati ya waliolishwa mapema, asilimia 3.2 tu. Unga wa karanga kwenye uji wa lishe wa mtoto una utetezi mzuri. Chakula kiondolewe kwa ushahidi: andika kwenye daftari unachokula na saa ya dalili. Kama ni tumbo tu, acha chakula kimoja kwa wiki mbili au tatu, kisha kirudishe uone. Kama uliwahi kuvimba au kubanwa kifua, jaribio hilo usilifanye nyumbani. Lifanyike mbele ya daktari.

Swali letu la zamani lilikuwa: nani kanilisha? Swali hilo halijawahi kumponya mtu. Liulizwe hili: nimekula nini, na saa ngapi?

Mama mdogo sasa hagusi karanga, na hajavimba tena. Anakula kila kinachopikwa na ukoo mzima, isipokuwa cha mtu mmoja. Nimemwambia, na hapa namwambia tena mbele ya wasomaji: mama, karanga umeiacha, lakini mashtaka hujayafuta. Msiba ujao mwite wifi yako jikoni mbele ya wanawake wote. Umpe upawa, na umnyooshee sahani yako awe wa kwanza kukupakulia.