"Ni Hadithi Tu" Si Hoja

Liko jibu moja lipendwalo sana na walimu wa fasihi: "Ni hadithi tu." Mwanafunzi akiuliza kwa nini tukio la sura ya tatu lapingana na la sura ya kumi, huambiwa hivyo, akaketi kwa haya. Mimi mwenyewe nimelitoa jibu hilo zaidi ya mara moja, na leo nalikana mbele ya wasomaji. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Ujinga huu ulikuwa wa mwalimu.

Ushahidi wangu nautoa katika hadithi za sayansi, ambazo wengi wetu huzidharau pamoja na wasomaji wake. Mwaka 1970 Larry Niven, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Ringworld. Habari yake ni ya pete kubwa ajabu iliyojengwa kulizunguka jua la mbali. Viumbe hukaa upande wake wa ndani, na kasi ya mzunguko wake ndiyo iwashikizayo chini wasielee. Kitabu kilipata tuzo za Hugo na Nebula. Lakini baadhi ya wasomaji hawakusifu wakanyamaza. Walishika kalamu wakapiga hesabu.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo. Katika chapa ya kwanza, Louis Wu ataka kurefusha sikukuu ya kuzaliwa kwake, basi aruka mji hadi mji akielekea mashariki. Mtoto wa Kigoma angalicheka, maana ajua kuwa jua huchwa Dar es Salaam kabla ya kuchwa kwao. Atakaye kuutangulia usiku wa manane sharti aelekee magharibi. Chapa za baadaye zilisahihishwa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa. Mwaka 1971, katika mkutano wa wapenzi wa hadithi hizi mjini Boston, wanafunzi wa chuo cha MIT walipaza sauti kwa pamoja kwamba pete ile haitulii. Walisema kweli. Pete ngumu ya kipande kimoja ikisogea kidogo tu, upande uliolikaribia jua huvutwa zaidi, ukazidi kusogea, na mwisho wake ni kuligonga jua. James Clerk Maxwell alikwisha kuonyesha katika insha yake ya mwaka 1859 kwamba pete za sayari ya Zohali haziwezi kuwa kitu kigumu kimoja.

Watu wa "ni hadithi tu" wangaliwafukuza vijana wale. Niven aliwajibu kwa kitabu, The Ringworld Engineers. Humo twaambiwa kuwa ukingoni mwa pete palikuwa na mitambo ya kuirudisha mahali pake, na kwamba watu waliing'oa mingi wakaitia katika vyombo vyao vya kusafiria angani. Sasa makao yao yaliendea jua. Tazama, msomaji: hesabu ya wanafunzi ilizaa kisa, na kisa kikazaa maana. Watu waling'oa nguzo za nyumba yao ili waunde vyombo vya safari. Nani atasema kuwa hiyo si fasihi?

Mpinzani atauliza, "Mbona sungura wa ngano husema, wala hatumdai ushahidi?" Namjibu kuwa kila hadithi huhukumiwa kwa ahadi yake. Mtambaji wa ngano hakuahidi elimu ya wanyama. Aliahidi sungura mwerevu, na sungura huyo akigeuka mpumbavu pasipo sababu, watoto wote watalalamika. Mwandishi wa sayansi aliahidi hesabu, basi na adaiwe hesabu.

Mpinzani mwingine husema kuwa kupima hivi huua mtindo. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Walitokea baadaye walioikataa mizani na vina, lakini hata hao walishindana na sheria kwa hoja, hawakusema, "Ni shairi tu."

Sharti niwaonye na wapiga hesabu pia. Kwa maoni yangu, watu wa Niven ni wembamba kuliko pete yake. Msomaji apimaye mwendo wa nyota, asipime kama maneno ya mtu yafanana na huzuni yake, amesoma nusu ya kitabu. Swali la mantiki na swali la mtindo ni ndugu: yote mawili huuliza kama kitu hiki chasimama.

Tunawafundisha vijana ambao kesho watasomewa bajeti, hukumu na ahadi za wakubwa. Tukiwazoeza kunyamaza mbele ya kitabu kijipingacho, watanyamaza na huko. Mwanafunzi akiniuliza tena juu ya sura ya tatu na ya kumi, nitamwambia azifungue zote mbili, tuzisome pamoja. Na kama mwandishi amekosa, tutasema amekosa.