Nyumba ya Magurudumu Mlangoni Petu



Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana wa kundi letu alinionyesha katika simu yake picha za mume na mke wa Ulaya waliouza nyumba yao na ambao sasa wanaishi ndani ya gari. Gari hilo lina kitanda, jiko dogo la gesi, beseni la kunawia, na dirisha lenye pazia ambalo leo linatazama bahari na kesho milima. Wanalala wanapotaka, wanaondoka wanapotaka. Kijana akashusha pumzi, akaniambia: «Mwalimu, haya ndiyo maisha. Laiti ningeishi hivyo, bila mtu wa kuniuliza ninakwenda wapi.» Sikumkatalia. Ujana usiotamani barabara ungekuwa ujana wa namna gani? Nilimwomba tu anisindikize hadi barabara kuu, ambako kamyo zilikuwa zimesimama mstari mmoja tangu asubuhi, nikamwonyesha watu wanaoishi ndani ya gari miezi mingi ya kila mwaka, na wengi wao wanasema Kiswahili kama sisi. Alicheka, akidhani ninafanya mzaha.

«Hao ni mashofere tu,» akasema.

Neno hilo «tu» limenikaa moyoni tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Sisi tuliokulia mbele ya vilima vya mabaki ya madini, huku Kingamyambo na Musonoi, tumezoea kamyo kama tulivyozoea vumbi. Tunazihesabu kwa kero: zimeziba njia, zimechelewesha basi, zimemwagia mihogo ya mama udongo mwekundu. Mara chache tunakumbuka kwamba shaba na kobalti ya Lualaba iko mbali na bahari zote, na kwamba mtu lazima aisindikize hadi huko. Mabamba ya shaba yanapakiwa hapa, yanapita Fungurume, Likasi na Lubumbashi, yanafika mpakani Kasumbalesa. Kutoka hapo ni Zambia: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi. Wengine wanashuka kusini hadi Durban, au mashariki hadi Beira, au magharibi hadi Walvis Bay. Wengine wanafuata njia ya Nakonde na Tunduma, wanapita Mbeya, na baada ya zaidi ya kilomita 2,000 wanaiona bandari ya Dar es Salaam. Halafu wanarudi na salfa, mashine, mafuta na unga tunaokula. Reli zipo, ninajua. Ile ya TAZARA, kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, ina urefu wa kilomita 1,860 na ilimalizika kujengwa mwaka 1975. Na ya kwenda Lobito kwa kupitia Dilolo tunaisikia kila siku katika habari. Lakini hadi leo sehemu kubwa ya mzigo inapita kwa magurudumu ya mpira, na nyuma ya usukani kuna mtu.

Mtu huyo anaishije? Miaka kumi na mitano hivi iliyopita nilipata jibu bila kulitafuta. Nilikuwa Likasi kwa shughuli za shule, mvua ilikuwa nyingi, mabasi hayakuonekana, na dereva mmoja kutoka Tanga alikubali kunipa nafasi katika kamyo yake hadi Kolwezi. Kabla ya kufika Nguba tulizama katika matope. Tulikaa hapo siku mbili na mikesha miwili.

Nyuma ya viti kulikuwa na kitanda chembamba, na mbele yake pazia la kanga ambalo, aliniambia, mke wake ndiye aliyelishona. Kwenye ubavu wa kamyo kulikuwa na kasha la chuma: ndani yake jiko la mafuta ya taa, sufuria mbili, unga, chumvi, dagaa, na bidoni ya maji iliyofungwa kwa mnyororo kana kwamba ni dhahabu. Msaidizi wake, ambaye Watanzania wanamwita utingo, alipika bukari (wao husema ugali) katikati ya magurudumu, mahali pekee pasipopigwa na mvua. Kuoga kulikuwa kwa nusu ya ndoo, upande wa kamyo usiotazamana na barabara, kabla ya mapambazuko. Nguo zilifuliwa na kuanikwa kwenye kamba nyuma ya kabini. Alikuwa na kadi tatu za simu, moja kwa kila nchi, amezifunga ndani ya karatasi pamoja na hati zake.

Kilichonigusa zaidi ni saa yake ya mkononi. Ilikuwa mbele ya yangu kwa saa moja. Nilidhani ameisahau, kwa kuwa Kolwezi na Dar es Salaam hatufuati saa ileile. Akasema hapana, anaiacha hivyo makusudi. Kwetu ilipofika saa moja ya usiku, yeye alisoma saa mbili, akasema: «Sasa watoto wamekula.» Baadaye kidogo: «Sasa wa mwisho amelala.» Alikuwa na wiki ya saba tangu aondoke kwao.

Alikuwa Mwislamu. Alfajiri aliniuliza jua linachomoza upande gani, maana mawingu yalikuwa yamefunga kila kitu. Nikamwonyesha, akatandika kipande cha katoni kando ya gurudumu la mbele, akasali. Mimi nilisali rozari yangu ndani ya kabini. Sikuona kwamba mmoja wetu alikuwa mgeni zaidi ya mwenzake katika nyumba ile.

Usiku wa kwanza, mama mmoja wa kijiji cha karibu alituletea makaa katika mbabula na viazi vitamu, akakataa kulipwa. Usiku wa pili, vijana ambao hatukuwaona nyuso walifungua tangi wakanyonya mazutu. Dereva hakupiga kelele. Alipima kilichobaki kwa kijiti, akakaa kwenye ngazi ya kabini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamwuliza anahesabu nini. Akanieleza kwamba mafuta yanayopungua na mzigo unaopungua hukatwa katika malipo yake, na kwamba alikuwa anatafuta ni mwezi gani ataweza kulipa karo ya shule ambayo alikuwa amekwisha kuahidi.

Hapo nilinyamaza, vijana wapendwa, na sababu ya kunyamaza kwangu sikumwambia. Ninawaambia ninyi. Katika miaka ya 1990, wakati mishahara ya walimu ilipokuwa haifiki, nilinunua mfuko wa sukari kwa nusu ya bei. Aliyeniuzia hakuniambia umetoka wapi, nami sikumwuliza, kwa sababu nilijua. Sote tulijua: ulitoka katika kamyo iliyolala njiani. Sukari ile ilitumika katika sherehe ya ubatizo wa mtoto wangu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nimewaibia matajiri wenye kampuni, watu wasio na sura. Katika matope ya Nguba sura ikapatikana, nayo ilikuwa inahesabu kwa vidole.

Sitaki mfikiri kwamba ninawafanya madereva kuwa watakatifu. Wako wanaokunywa kisha wanashika usukani. Wako walioacha watoto katika kila mji wa njia hii, na kati yenu wapo wanaojua hilo kuliko mimi. Wasichana wetu wanaitwa kutoka katika madirisha ya kabini kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa, na si wote waliokubali kupanda walifanya hivyo kwa tamaa. Wengine walifanya hivyo kwa njaa. Wala sisahau hatari yenyewe ya mizigo hiyo: mwezi wa Februari 2019, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi iligongana na magari mengine, na wasafiri wengi walikufa kifo kibaya. Anayesema barabara hii ni ya mchezo hajawahi kuiona.

Lakini jirani mwenye makosa hajaacha kuwa jirani. Na hapa ndipo ninapotofautiana na yule kijana wa simu. Aliona katika picha kwamba uhuru wa watu wale unatoka katika gari. Mimi nadhani unatoka kwingine. Wale wanandoa wa Ulaya wana mahali palipoandaliwa pa kusimama usiku, pana maji, pana choo, na wakichoka wana pa kurudi. Ondoeni hayo, gari lilelile linakuwa kifungo. Nyumba yenye magurudumu haina ua, haina kisima, haina jirani. Vyote hivyo inaviazima mahali inaposimama. Inaposimama kwetu, ua ni wetu, kisima ni chetu, na majirani ndio sisi. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, kwa sababu ya mzozo wa biashara ya vinywaji, tulisikia redioni habari za bei na za serikali. Wale waliokuwa kati ya mageti mawili walikunywa nini siku hizo? Swali hilo sikulisikia likiulizwa, hata katika mkutano wetu wenyewe.

Tena tuwe wakweli kuhusu asili yetu. Msiri, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa mwezi wa Desemba 1891, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Misafara iliyokuja na kwenda kati ya nchi hii na pwani ilibeba pembe na shaba yetu, ilitembea miezi, ililala njiani, iliomba maji vijijini. Kiswahili tunachosali nacho kiliingia huku kwa midomo ya watu wa njia, kisha watu waliokuja kutafuta kazi katika machimbo wakakikuza. Kama babu zetu wangesema «hao ni wapagazi tu», sijui leo ningewaandikia kwa lugha gani.

Kanisa nalo limekwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2007 baraza la Vatikano lililokuwa likishughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani. Watu wengi walikumbuka tu zile «amri kumi za dereva» zilizomo, wakacheka kidogo, wakafunga kitabu. Mimi ninapenda zaidi mpango wake. Una sehemu nne: wanaotumia barabara, wanawake wa barabarani, watoto wa mitaani, na watu wasio na makao. Nendeni jioni mahali kamyo zinaposimama. Mtawakuta wote wanne katika mita mia mbili.

Na katika sura ya nane ya Matendo ya Mitume kuna Filipo. Yule Mwethiopia alikuwa safarini, ameketi ndani ya gari lake, anasoma bila kuelewa. Filipo alikimbia akalifikia gari, akauliza swali, akaalikwa, akapanda, akaketi pamoja naye. Nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi nikitazama ubatizo tu. Siku hizi ninatazama kwamba Filipo hakumwambia msafiri ashuke kwanza.

Basi nimepeleka ombi kwa Paroko, naye amekubali tujaribu. Kila Jumamosi alasiri, karibu na mahali kamyo zinaposimama, lakini mbali na lami na mbali kabisa na zile za asidi, tutaweka meza moja: maji yaliyochemshwa, ubao wenye saa za Misa, na kwa Waislamu, njia ya kufika msikitini. Hakuna kuuza kitu. Hakuna kumhubiria mtu ambaye hakuuliza. Wasichana hawatakwenda peke yao, wala hawatapanda kabini kwa sababu yoyote. Wavulana watakaotaka kulinda kamyo usiku watapatana malipo mbele ya kiongozi, kwa sauti, mchana. Mmoja wenu ameniuliza kama madereva hawatatucheka. Watacheka. Mwingine amesema watadhani tunataka kitu. Wana sababu ya kudhani hivyo, tumewafundisha wenyewe.

Kijana wa simu amekuja na bidoni mbili za lita ishirini. Tunahitaji ya tatu, yenye mfuniko unaofunga vizuri, kwa maana vumbi la upande ule ni jingi. Mwenye nayo ailete kabla ya Ijumaa, aiache kwa mlinzi wa parokia.