Steroidi hizi zisikataliwe

Mwandishi aliyewataka wagonjwa wa saratani wakatae steroidi wakati wa tibakemia amewatisha bure. Madhara aliyoyataja, mifupa kudhoofika na misuli kulegea, hutokana hasa na matumizi ya miezi mingi. Kuzuia kutapika, steroidi iitwayo deksamethasoni hutolewa siku moja hadi nne tu, pamoja na dawa kama ondansetroni. Tena sisplatini, dawa ya tibakemia, hutapisha hata siku ya pili na ya tatu, wakati ambapo ondansetroni peke yake mara nyingi haifui dafu. Anayetapika mfululizo hukaukiwa maji, figo zikaumia, na wengine huikimbia dozi inayofuata. Hilo ndilo la kuogopwa! Kwa steroidi sukari hupanda, kweli, na usingizi hupaa. Basi mwenye kisukari apimwe, na vidonge vimezwe asubuhi.