Bangi na Kisu cha Mganga

Ulaya tunayoitaja leo si ile ya ng'ambo. Ni Ulaya ya Wilaya ya Kilosa, iliyo katika njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Mwananchi wa huko akivunjika mguu kwa pikipiki, au ngiri ikimbana shambani, ndugu zake humpeleka Hospitali ya Wilaya Kilosa au ile ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Kabla ya kupasuliwa huulizwa amekula saa ngapi, kama ana pumu, kama anavuta sigara. Likija swali la bangi, kama litakuja, wengi hujibu kwamba hawaijui hata harufu yake.

Hatushangai. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kuilima, kuiuza, kuwa nayo na hata kuivuta. Mkoa wa Morogoro nao hutajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa ilimwamo, na mashamba yake yamefyekwa na kuchomwa moto. Tena mama mzazi amesimama kando ya kitanda. Nani atasema?

Lakini kunyamaza huko kuna gharama, nayo hulipwa na mgonjwa mwenyewe. Katika jimbo la Colorado, Marekani, ambako bangi imeuzwa kwa watu wazima kwa idhini ya sheria tangu 2014, wagonjwa hawaogopi kusema, na waganga wameweza kuhesabu. Mwaka 2019 walitoa hesabu ya watu 250 waliopewa dawa ili wachunguzwe tumbo kwa mrija. Wale 25 waliokuwa watumiaji wa bangi walihitaji propofoli, dawa ya kulaza, zaidi ya mara tatu ya wenzao. Mwaka uliofuata ikatolewa hesabu ya wagonjwa 118 waliopasuliwa kwa kuvunjika mfupa wa muundi, na 30 kati yao walikiri kutumia bangi. Hao walihitaji dawa zaidi ya usingizi, wakalalamika kwa maumivu zaidi, na wakiwa wodini walipewa dawa kali za jamii ya mofini kwa asilimia 58 zaidi ya wengine.

Hesabu hizo hazithibitishi kwamba bangi peke yake ndiyo sababu. Hata hivyo zawatosha kuwatia shaka vijana wetu wanaoamini kwamba mvuta bangi hasikii kisu. Wodini mambo huonekana kuwa kinyume.

Mganga anayetoa nusukaputi hupima dawa kwa kufuata anayoambiwa. Akidanganywa, mgonjwa aweza kusisimka kisu kikiwa kazini. Bangi huufanya moyo uende mbio, hasa muda mfupi baada ya kuvutwa, na ketamini itumikayo sana katika hospitali zetu za wilaya nayo huuharakisha moyo. Kisha kuna moshi. Kifua cha mvutaji hukohoa, na aliyeshonwa ngiri anajua kila kikohozi kinavyovuta nyuzi. Mvutaji wa kila siku akikatizwa ghafla hukosa usingizi na hamu ya chakula, hutoka jasho na kuwa mkali. Muuguzi asiyeambiwa atatafuta ugonjwa usiokuwapo, na usiku mzima utapotea.

Ndiyo maana Januari 2023 chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi na tiba ya maumivu kilishauri kila mgonjwa wa upasuaji aulizwe habari za bangi: aina gani, kiasi gani, lini mara ya mwisho. Aliyelewa aahirishiwe upasuaji usio wa dharura, na aliyetoka kuvuta asubiri angalau saa 2, kwa kuhofia mshtuko wa moyo.

Sisi hatuitetei bangi. Tumeona ilivyowaharibia wakata miwa na makuli siku za kazi, nasi twajua wanaoivuta kwa kuwa kazi ni nzito na ujira mdogo; hilo ni shauri jingine tutakalolirudia. Tunalodai leo ni kwamba kitanda cha hospitali kisigeuzwe kizimba cha mahakama. Mfanyakazi aliyepigwa na mashine hakwenda kuungama, amekwenda kutibiwa. Nawe ndugu unayevuta, mwambie mganga kabla hujalazwa mezani. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi walitangaze neno hili mashambani na viwandani, maana hapo watasikilizwa kuliko mabango.

Na wakuu wa hospitali wafanye lao. Swali la bangi liwekwe pamoja na yale ya sigara na pombe. Liulizwe pembeni, jamaa wakiwa wameombwa watoke nje, na jibu lake liishie ndani ya cheti cha mgonjwa.