Miaka 50 ya Them Mushrooms

Mwaka 2022 bendi ya Them Mushrooms ilitimiza miaka 50, na redio bado hupiga wimbo wao Jambo Bwana mpaka tuchoke. Si vibaya. Teddy Kalanda Harrison alizikusanya salamu za kila siku za mahoteli ya Pwani akazitia muziki. Mwaka 1983 Boney M. nao wakaurekodi wimbo huo, na tangu hapo ni mtalii gani anayerudi kwao bila kuimbiwa?

Lakini sisi wa Kilifi tuna deni jingine kwa bendi hii. Wengi wao walikuwa ndugu wa nyumba moja kutoka Kaloleni, walioanza mwaka 1972 kwa jina la Avenida Success, wakitumbuiza hotelini. Kazi hiyo twaijua: mgeni ataka wimbo aliouzoea, na mwenye kulipa ndiye achaguaye. Bendi nyingi ziliishia papo hapo. Hawa walihamia Nairobi mwaka 1987, wakapiga rege na chakacha, wakashirikiana na Malika wa taarab na Jane Nyambura, malkia wa nyimbo za Kikuyu.

Kisha wakamwendea mzee. Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi wa mwaka 1924, alipelekwa na Vita vya Pili vya Dunia hadi Burma, si na bunduki tu bali na gitaa, katika kikosi cha kuwatumbuiza askari. Aliporudi alirekodi nyimbo kama Tausi na Majengo Siendi Tena, akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulishika gitaa la umeme. Miaka ikapita, magitaa mengine yakatamba.

Nyimbo za zamani kwetu hazina mwenyewe. Kila harusi huzipiga, kila bendi huzipamba upya, na mtunzi akiwa hai hata kadi ya mwaliko haipati. Mushrooms wangeweza kufanya vivyo hivyo, na nani angewalaumu? Badala yake, mwaka 1991 walitoa albamu ya Zilizopendwa '91 pamoja na Fundi Konde mwenyewe, jina lake likiwa juu ya kazi. Alikuwa na miaka 67. Alifariki mwaka 2000.

Kaunti ya Kilifi ikitaka kuwatunza wanamuziki hawa, iwaandalie tamasha Kaloleni, si Nairobi, na kiingilio kiwe bure kwa wazee. Tausi ifungue jukwaa. Jambo Bwana, kwa usiku mmoja, itangoja zamu yake.